Bonyeza Kidogo

Mashine ya kunyolea ilikuwa imelowa, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Fundi aliikuta asubuhi juu ya sinki la bafuni, inachuruzika maji ya uvuguvugu, na kwenye makali yake kumegandia vinyweleo vyekundu kama kutu. Ndani ya nyumba ile hakuna mtu mwenye nywele za namna hiyo. Badala ya kushtuka, akakasirika.

"Nani kachezea kitu changu?" akamfokea mkewe.

"Nichezee wembe, mimi? Nina ndevu?"

Jibu zuri, lakini Fundi hakucheka. Siku hizo hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mshona makochi, mwenye maneno mengi na wateja, ila tangu baba yake aletwe pale, kiharusi kimemlaza upande mmoja na kumfunga ulimi, alitembea na fundo moyoni. Baba mwenyewe ndiye huyu aliyewatelekeza yeye na mama yake, akaenda kuishi na mwanamke mwingine mtaa wa pili tu. Alipoishiwa nguvu, huyo mwanamke akampakia kwenye teksi na sanduku lake, akamrudisha kama kochi bovu. Fundi hakumwambia neno. Hakumwita baba, alimwita mzee, basi. Kumwosha, kumlisha na kumbadilishia mashuka aliachiwa mke, naye mke alifanya yote kimya kimya.

Kazi moja tu Fundi aliichukua: ndevu. Zilikuwa zimeota mpaka uji unagandia humo, na nyembe za plastiki zilimkwaruza mzee zikamtoa vipele. Ndani ya sanduku la mzee ndimo alimoikuta mashine ile ya kizamani, ya shaba nzito, yenye kifuniko cha kuinua na wembe mmoja mnene wenye makali upande mmoja. Rafiki yake kinyozi akamwelekeza. Laza kichwa cha mashine shavuni, vuta ngozi kwa vidole, fuata ndevu zinakolalia. Na kubwa kuliko yote, usibonyeze.

"Uzito wake unatosha," kinyozi alisema. "Za plastiki zimekuzoesha kukandamiza. Hii ukiikandamiza, imekula kwako. Jifunzie kwanza uso wako."

Akajifunza. Na kila alipojifunza alitoka bafuni na hasira zaidi kuliko alivyoingia. Mkewe akaanza kusikia mambo. Mume yuko mezani anakunywa chai, na bafuni, nyuma ya mlango uliofungwa, krr, krr, krr, mtu ananyoa. Harufu ya nywele zilizoungua ikaingia hadi kwenye mkate. Asubuhi moja akasikia sauti mbili. Moja ya mumewe. Nyingine ndogo, ya upole, inabembeleza: "Bonyeza. Bonyeza kidogo."

Fundi akatoka kidevu kinavuja damu.

"Ulikuwa unaongea na nani?" mke alinong'ona.

"Na nani tena? Nilikuwa peke yangu."

"Nimemsikia, Fundi. Kitupe hicho kitu."

"Nikitupe, mzee akae kama jalala? Usinipangie!"

Akafoka, akapiga meza, wakagombana mpaka jirani akagonga ukuta. Na wakati wote wa ugomvi ule mke aliona jambo: bafuni kulikuwa kimya kabisa, hata ile harufu ikakata. Fundi alipoacha kelele, akanuna na kusaga meno, krr ikarudi.

Jumapili mchana akaamua. Akamkalisha mzee kwenye kiti karibu na dirisha, taulo shingoni, akampaka povu. Mzee alipoiona mashine, macho yakamtoka. Mkono wake mzima ukamkamata Fundi.

"Mm! Mm!"

Alikuwa anaijua mashine yake, maskini, na ulimi hana.

"Tulia, mzee," Fundi akasema, meno yamebanana. "Wewe umezoea kukataa watu."

Shavu la kwanza likatoka safi. La pili pia. Kisha akamwinua kidevu, na hapo, mahali mshipa unapodunda chini ya povu, mkono wa Fundi ukawa mzito, na mke aliyeshika beseni akaona kwanza maji yakitetemeka, kisha akanusa nywele zinaungua, kisha akaona juu ya vidole vya mumewe vidole vingine, virefu, vimelowa, vina manyoya mekundu, vimeikumbatia ile shaba na kuisukuma ndani taratibu, huku ile sauti ya upole ikisema bonyeza, bonyeza kidogo, ndiye huyu aliyekuacha, na uzi wa damu ukashuka ndani ya povu jeupe.

"Mkono si wangu," Fundi alinong'ona. "Mke wangu, mkono si wangu."

Mwingine angekimbia. Mke akapandwa na mori.

"Mwambie!" alipiga kelele. "Mwambie baba yako ulichomwekea moyoni! Hili jini linakula unachokimeza, hujaona? Kitoe!"

"Baba!" Neno likamtoka kama kikohozi. "Mama alikufa anakuulizia! Ulipita mbele ya mlango wetu na mwanamke wako, nikakuita, ukageuza uso! Nakuchukia, Baba! Nakuchukia, na kila siku nilikuwa nakungoja!"

Vidole vile vikaachia, kimoja kimoja. Mashine ikaanguka ndani ya beseni, maji yakafuka mvuke. Mzee alikuwa analia kwa upande mmoja wa uso, akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Jeraha lilikuwa dogo. Fundi akapiga magoti, akalibana kwa taulo, akalia naye kwa sauti, bila aibu.

Mke akaachwa na vyombo. Nani mwingine? Hakuna aliyemshukuru, hakuna hata aliyegeuka kumtazama. Akaopoa mashine kwa kitambaa, akatoka nayo uani hadi kwenye shimo la choo cha zamani, akainua kifuniko. Mkono ukiwa juu ya shimo, kile kitu kikazungumza, kwa adabu kabisa.

"Na wewe, mama? Huna lako moyoni?"

Akayafikiria mashuka. Akafikiria mikono yake ilivyochubuka kwa sabuni, na jinsi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama anaweza.

"Mke wangu!" Fundi akaita kutoka ndani, sauti yake nyepesi, ya furaha. "Njoo haraka, Baba amejichafua!"

"Sina," mke akaijibu mashine, akameza mate, akafunika shimo, akaitia mfukoni.