Mgeni wa Kwenye Sinki

"Hodi," sauti ilisema, na mama, mtu wa watu asiyejua kumfungia mgeni mlango, akajibu papo hapo, "Karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hakuingia mtu. Wauguzi wa chumba kile cha waliopandikizwa uboho hawakuwa na hodi; waligonga kioo. Kilichosikika ni sinki la kunawia mikono likicheua, kisha harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba ambacho hata ua la chupani lilipigwa marufuku. Binti yake, waliyembandika jina Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo, akaacha hadithi yake katikati.

"Mama, umemkaribisha nani?"

"Maji tu hayo," alisema mama, akasogea kati ya sinki na kitanda cha binti.

Jioni homa ikampanda binti, na dawa hazikuishusha. Majibu ya damu yalipotoka, daktari alimvuta mama pembeni.

"Ni bakteria adimu, hukaa kwenye mabomba," alinong'ona. "Mimi na wewe hawatufanyi kitu. Lakini uboho wake mpya haujaanza kazi. Kwa sasa mwili wake ni nyumba isiyo na mlinzi."

"Na mgeni nimemkaribisha mwenyewe," mama alisema. Daktari hakumwelewa.

Mtoto akahamishiwa chumba cha pili, fundi bomba akaitwa kuling'oa sinki. Mama aling'ang'ania kushuhudia, akasimama nyuma ya fundi, barakoa ikimbana, akisikia mle bombani kitu kikipumua polepole kama mtu aliyeshiba, na ng'ambo ya ukuta mwanawe akihema kwa pumzi ile ile, zikipanda pamoja, zikishuka pamoja, mpaka akashindwa kujua ipi ni ya bomba na ipi ni ya mtoto aliyemzaa, ndipo akainama, akanong'ona, "Karibu yangu naifuta. Mwanangu humpati. Toka!"

Fundi aliruka. "Mama, unasema na mimi?"

"Wewe endelea na kazi, baba."

Bomba likanyamaza. Dawa mpya nayo ikafanya yake. Homa ikashuka, uboho ukashika, na Chiriku akaanza tena kuwachosha wauguzi kwa maneno. Mama alilia kwa furaha bila kumwonea mtu haya.

Walirudi nyumbani mchana wa jua kali. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu walipoondoka, na funguo walikuwa nazo wenyewe. Mama alisukuma mlango, akamshika mwanawe mkono, akaita kwa utani, "Hodi wenyewe!"

Huko jikoni sinki likacheua.

"Karibuni," sauti ikajibu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."