Gitaa la Mawimbi Ndani ya Pipa

Fundi alilikuta gitaa kwenye pipa la taka saa moja na nusu asubuhi, hata kofuli la karakana lilikuwa bado mkononi mwake. Tuseme aliona mabaki, kupitia tundu la hewa chini ya pipa: mkaa, nyaya, na vyuma vilivyogeuka rangi kwa moto. Alivitambua vile vyuma mara moja, kwa kuwa ni yeye aliyevichagua. Akaketi pale pale uani kwenye majivu, na suruali yake safi, akalia kama mtu aliyefiwa. Alipomaliza kulia akawapigia simu polisi, na jina la mtu wa kukamatwa akawapa hapo hapo.

Jina lenyewe lilikuwa la mdogo wake, baba mmoja mama mmoja.

Gitaa hilo halikuwa la kwenda kununua dukani. Mwenye oda alikuwa dada mmoja mpiga solo, aliyekuja miezi iliyopita na kabati bovu la marehemu mama yake juu ya mkokoteni, akasema, "Humu ndani nitolee gitaa la umeme." Fundi alicheka. Aliporanda mlango wa kabati akaacha kucheka, maana chini ya ile rangi kuukuu ulijificha ubao wa mawimbi, michirizi ya mwanga na giza imejipanga kama maji yanapopulizwa na upepo. Ubao wa namna hiyo haubandikwi hivi hivi. Unapasuliwa katikati ya unene wake, unapata vipande viwili vyembamba, unavifungua kama kitabu na kuviunga, ili upande wa kushoto utazamane na wa kulia. Mlango mmoja ukatoa uso wa gitaa moja, na kabati la pili la marehemu halikuwepo.

Mpelelezi aliyekuja alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kituoni kwao wanamwita Tena, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Ukimweleza jambo atakwambia: tena. Ukirudia, yeye anasikiliza kile ulichobadilisha. Watu wengi hawampendi kwa tabia hiyo, na wala hajali.

"Karakana ina watu wangapi?" aliuliza.

"Mimi na wawili," Fundi alijibu. "Vanishi anapaka rangi na kung'arisha, ana miaka kumi na minne hapa. Na huyo mdogo wangu, Msasa. Anapiga msasa, anafagia, anachoma vipande jioni, anafunga. Jana yeye ndiye aliyebaki wa mwisho."

"Kwa nini unamshuku?"

"Jana asubuhi nilimgombeza mbele ya mteja. Alikuwa amekwaruza shingo ya gitaa kidogo. Nikamwita mzigo. Akaniambia nitamjua mzigo ni nani." Fundi alipangusa uso. "Afande, huyu mtu yuko kwenye kifungo cha nje. Aliponda pikipiki ya mwenzake kwa nyundo kwa hasira. Hasira zake mimi nazijua tangu anatambaa."

"Kifungo cha nje," Tena alisema. "Maana yake hili likithibitika, anaingia ndani."

"Naelewa maana yake."

Tena alitafuta fimbo akaanza kuchokoa pipa. Juu kulikuwa na vipande vya mbao ambavyo havikuungua vizuri. Chini yake majivu ya maranda. Chini kabisa, kwenye kitako cha pipa, ndipo palipokuwa na mkaa mnene wa gitaa na vyuma vyake. Alikaa ameinama hapo kwa muda mrefu kiasi kwamba Fundi akaanza kukohoa.

"Hili pipa linajazwa saa ngapi?"

"Siku nzima. Kila mtu anatupa vipande vyake humo. Jioni Msasa anawasha."

"Na huyu mwenye hasira," Tena alisema taratibu, "alitoa kwanza taka zote za siku, akaweka gitaa chini, akarudisha taka juu yake, ndipo akawasha?"

"Afande, pipa ni pipa. Mtu akitaka kuchoma, anachoma."

Tena aliitupa fimbo, akaagiza Msasa atafutwe.

Msasa alikutwa chumbani kwake anapiga mswaki. Kituoni aliketi ameweka mikono juu ya meza, vidole vyeupe kwa vumbi la mbao lisilotoka hata kwa sabuni.

"Jana jioni," Tena alianza.

"Vanishi aliondoka saa kumi na mbili. Nikafagia, nikawasha pipa, nikafunga, nikaenda zangu."

"Gitaa lilikuwa wapi?"

"Halikuwepo. Nilirudi kutoka kununua karatasi za msasa mchana, nikaona msumari wake ukutani mtupu. Nikajua kaka kaondoka nalo. Gitaa likikamilika huwa linalala kwake usiku mmoja, asubuhi analisikiliza kama nyuzi zimetulia. Ndiyo kawaida yake."

"Tena."

Msasa alirudia. Hakubadilisha neno, ila aliongeza moja: moshi ulikuwa unanuka rangi, lakini hakujali, kwa sababu matambara ya Vanishi huchomwa humo kila siku.

"Ulimuuliza Vanishi gitaa liko wapi?"

"Asubuhi nimeitwa mzigo, Afande. Sikuwa na hamu ya kuuliza mtu kitu." Aliinua macho. "Hivi kaka mwenyewe ndiye aliyewaita?"

Tena alijifanya anatafuta kalamu.

Shida ilikuwa picha. Saa kumi na mbili kasoro, Vanishi alimtumia Fundi picha kwa simu, na ya pili kwa yule dada: gitaa linaning'inia kwenye msumari wake ukutani, linang'aa, na maneno mawili, *Limekamilika, bosi*. Fundi mwenyewe alikuwa ametoka tangu saa sita kwenda kumwona daktari wa macho, hakurudi hadi asubuhi. Kwa hiyo mmoja anasema msumari ulikuwa mtupu tangu mchana, na picha inasema jioni gitaa lilikuwepo. Mkuu wa kituo aliitazama picha mara moja akasema kijana anadanganya, apelekwe kwa hakimu kesho kutwa, kwani kuna nini cha kuzungusha hapo.

Tena alizungusha. Alianza na jirani, muuza magodoro, ambaye alikuwa amelalamika kwa mjumbe mara mbili kwamba moshi wa pipa unaingia kwenye magodoro yake, na mbele ya watu aliapa kwamba siku moja ataitia kiberiti karakana nzima.

"Niliapa, sikatai," alisema muuza magodoro. "Mimi naapa kila siku, muulize mke wangu. Lakini jana nilifunga saa tisa, nikaenda kumpokea mkwe. Watu thelathini wameniona nikila."

"Kabla ya saa tisa uliona nini?"

"Kitu gani nione? Vanishi anapakia boksi refu kwenye bajaji, mchana, wale wengine hawapo. Nikamwambia leo angalau unatoa mzigo, siyo moshi. Akacheka. Akasema makopo matupu."

"Tena."

"Makopo matupu, akalipakata kama mtoto."

Vanishi alipohojiwa, hata jasho halikumtoka. Ni mtu mpole, mrefu, anayeongea huku akitazama kucha zake kama anatafuta doa. Alikubali boksi. Makopo huwa anayarudisha kwa muuza rangi, ndiyo. Picha aliipiga akiwa anaondoka, ndiyo. Msasa alikuwepo, anafagia, amenuna.

"Kijana ana roho nzuri," alisema. "Hasira tu ndizo zinamponza. Msimkandamize sana, Afande."

Maneno hayo yalimkera Tena kwa namna ambayo hakuweza kuieleza.

Siku iliyofuata alirudi karakana akamwomba Fundi amwache peke yake. Alisimama mahali alipokuwa amesimama mpiga picha, simu mkononi. Ukuta ule ule, dirisha lile lile kushoto. Kwenye msumari wa pili palikuwa na gitaa jingine la mawimbi, la mteja mwingine, halijafungwa nyuzi. Alilihamishia kwenye msumari wa lile lililoungua, akarudi nyuma.

Upande wa kulia ulikuwa unawaka. Wa kushoto ulikuwa umefifia kama umeingiwa na kivuli. Akadhani ni uchafu wa dirisha. Akasogea hatua kadhaa kuelekea mlangoni, na mwanga ukahama: kushoto pakawaka, kulia pakazima. Akarudi, nao ukarudi. Alicheza mchezo huo hadi Fundi akachungulia.

"Njoo," Tena alisema. "Kuna gitaa la namna hii ambalo pande zote mbili zinang'aa kwa pamoja?"

"Likining'inia? Hapana. Ubao umepasuliwa na kufunguliwa, kwa hiyo nyuzi za mbao upande mmoja zinakuelekea, upande wa pili zinakukimbia. Utashika mwanga wa upande mmoja tu." Alifikiri. "Labda ulilaze mezani, taa iwe juu yake wima. Hapo pande zinalingana."

"Nani hufanya kazi gitaa likiwa limelazwa, taa juu?"

"Mpaka rangi," Fundi alisema. "Rangi ikiwa mbichi hulisimamishi, itachuruzika."

Tena akampa simu. Ilikuwa picha ile ile aliyoiona Fundi mara kumi, mara zote amefura kwa hasira. Sasa aliitazama kwa macho ya kazi. Kila wimbi la kushoto lilikutana na wimbi la kulia katikati, jeupe kwa jeupe, jeusi kwa jeusi, pande zote zinang'aa sawasawa.

"Hii siyo mbao ya mawimbi," alisema. "Hii imechorwa kwa brashi."

Alikwenda stoo. Walikuwa wamenunua seti mbili za vile vyuma, moja ya akiba. Rafu ya akiba ilikuwa tupu. Alirudi akaegemea mlango.

Vanishi aliitwa kutoka chumba cha rangi. Alikuja akipangusa mikono, akaona askari wawili mlangoni, akaona gitaa jingine kwenye msumari ule. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza aliacha kutazama kucha zake.

"Simama hapo," Tena alisema. "Tazama gitaa. Sasa sogea kidogo. Umeona?"

"Nimeona."

"Miaka kumi na minne hukuwahi kuona?"

"Nayaona yakiwa mezani, Afande. Yakipanda ukutani yanakuwa ya watu."

"Basi nisimulie, nisahihishe nikikosea. Ulitengeneza gitaa la bandia kwa mbao ya kawaida, ukalichora mawimbi. Juzi mchana Fundi kaenda kwa daktari, Msasa umemtuma karatasi. Ukalitundika la bandia, ukalipiga picha, ukaitunza hadi jioni. La bandia ukalizika chini ya pipa, ukalimwagia maranda, na taka za mchana zikajaa juu yake. La kweli likaondoka kwenye boksi. Jioni Msasa akawasha pipa kama kila siku, akachoma ushahidi kwa mkono wake mwenyewe."

"Hujakosea."

"Vanishi," Fundi alisema. "Kwa nini? Nimekukosea nini?"

Vanishi alimgeukia. Hakupandisha sauti.

"Siku ile mteja alipokuja kuliona, alisema, mungu wangu, hii rangi. Alisema rangi, bosi. Hakusema shingo, hakusema nyuzi. Halafu akakushika mkono wewe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na tambara. Miaka kumi na minne watu wanashangaa kazi yangu na kukupongeza wewe, na wewe unasema asante. Nilitaka moja. Moja tu, liende kwenye maonyesho na jina langu."

"Ungesema."

"Ungesikia?"



"Mimi hilo nalielewa," Tena alisema. "Lakini kulikuwa na mtu wa kwenda jela kwa ajili ya jina lako. Ukaniambia ana roho nzuri."

"Nilidhani bosi atamwonea huruma, ni ndugu yake." Vanishi alimtazama Fundi. "Sikujua ungemtaja hata kabla polisi hawajauliza."

Gitaa walilikuta nyumbani kwake, limelazwa juu ya meza, taa wima juu yake. Jina la Fundi lilikuwa limekwanguliwa kwenye kichwa cha gitaa, na herufi za kwanza za jina jingine zimechorwa kwa dhahabu, vizuri sana. Yule dada aliitwa kulitambua. Aliliinua kwenye mwanga wa mlango, akaligeuza huku na huku, mawimbi yakahama upande mmoja hadi mwingine. Akasema ndilo, kisha akatoka nje kwanza, hakutaka waone anavyolia.

Msasa aliachiwa mchana huo huo. Fundi alikuwa anamsubiri kaunta, amemletea shati. Msasa alilipokea, hakulivaa.

"Nimekukosea," Fundi alisema.

"Mama anajua?"

Fundi alisita. "Nilimpigia asubuhi ile ile."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba umelichoma."

"Basi mpigie sasa hivi. Nikiwa hapa."

Tena alikuwa anaandika kando, akaacha kuandika. Fundi alitoa simu, akaweka spika kwa kuwa mdogo wake alimwonyesha kwa kidole. Mama alipokea mara moja, kama aliyekuwa ameishika muda wote.

"Mama, ni mimi. Hakuchoma. Hakufanya kitu. Mimi ndiye niliyemsingizia. Wamemwachia, yuko hapa."

Kisha sauti ya mama ikasema, bila hasira, kama anauliza kila siku:

"Amekula?"

Fundi alimtazama mdogo wake usoni kwa mara ya kwanza tangu awaite polisi. Midomo ilikuwa imepauka. Siku mbili alikuwa ndani, na yeye hakupeleka hata chai.

"Sijui, mama," alisema.