Kikombe Kilichowekwa

Asubuhi ile Dilorom alikitazama kikombe cha chai mpaka chai ikapoa.

"Mama, nani amekiweka hapa?"

"Mimi, nani mwingine? Kunywa, bibi harusi mvivu wewe!"

"Hapana. Kimewekwa ili nikione."

Oyposhsha alicheka, kisha akaacha. Wiki iliyotangulia alikuwa amemaliza kutarizi suzani, kitambaa cha maua cha harusi ya binti yake. Mji mzima wa Nurota, kila mwanamke huacha ua moja la suzani bila kulimaliza, ili shari ipate pa kutokea. Yeye, kwa haraka na fahari, aliyajaza yote.

Bi Robiya, mganga, alifukiza majani makavu ya isiriq mpaka macho yakawawasha. Akakipapasa kitambaa, akanong'ona, "Umeziba mlango, shoga. Jini limo ndani pamoja na binti yako."

Oyposhsha akalifumua ua la mwisho, uzi kwa uzi. Kila uzi ulipokatika Dilorom aliziba masikio. Hakuna kilichotoka.

Ndipo akaja Zokir, mpwa wa Oyposhsha, daktari wa Samarkand.

"Utalitoa kwa hizo sindano zako?" Oyposhsha aliuliza.

"Dawa nitampa, shangazi. Lakini kuna aliyemwuliza anaonaje?"

Hakuna aliyemwuliza. Zokir akaketi sakafuni, akamwuliza Dilorom mwenyewe.

"Zamani kikombe kilikuwa kikombe tu, kaka," Dilorom alisema kwa sauti ya chini. "Sasa vitu vyote vimenyamaza makusudi, kama watu wanaokatiza maneno ukiingia. Hata mawazo yangu nayasikia kama ya jirani, nyuma ya ukuta."

Zokir alipokuwa akivaa viatu mlangoni alisema, "Usibishane naye, shangazi. Kaa anapokaa, tazama anachotazama. Asiwe peke yake mle."

Oyposhsha aliogopa, lakini alikuwa mama. Alikaa kwenye godoro, bega kwa bega na mwanawe, akakitazama kikombe, na mwanzoni kilikuwa kikombe chake cha buluu chenye ufa, kisha harufu ya isiriq, iliyokwisha siku mbili kabla, ikarudi, na shomoro uani wakanyamaza wote kwa pamoja, na ule ufa, ambao miaka yote ulikuwa upande wa nyuma, ulikuwa umemwelekea yeye.

Mkono wake ukanyooka kukigeuza.

Vidole baridi vya Dilorom vikamshika.

"Usikiguse, mama," alinong'ona, karibu kwa furaha. "Sasa kinajua tuko wawili."