Zimamoto wa Boti ya Shule

Kapteni alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na cheo hicho alijipa mwenyewe. Mama yake ndiye aliyeendesha boti ya kuvusha wanafunzi mtoni. Kila asubuhi binti alitangulia gatini, akamwaga maji yaliyoingia botini usiku, akapangusa viti na kugawa majaketi ya kuokolea. Kazi hizo alizifanya bila kusukumwa, lakini roho yake yote ilikuwa nyuma kule, kwenye injini.

Mama alikuwa ameanza kumfundisha. Maji yakiwa yametulia, alimkalisha ubavuni pake na kumwachia usukani, ule mkono wa kugeuzia injini, hadi katikati ya mto. Masharti yalikuwa yale yale kila siku: kwanza vaa kamba, pili hakikisha gia iko huru, ndipo uvute injini iwake. Kamba yenyewe ilikuwa nyekundu, imejisokota kama waya wa simu za zamani. Ncha moja ilivaliwa mkononi, na ncha ya pili ilikuwa na kibanio kilichopachikwa chini ya kitufe cha injini. Mwendeshaji akianguka, kamba inachomoa kibanio, kitufe kinarudi ndani na injini inazima papo hapo.

Alhamisi moja Kapteni alishika usukani, boti imejaa wanafunzi wenzake. Wee, kichwa kilimvimba! Akaona kukaa hakutoshi, akasimama ili wa mbele nao wamwone.

"Kaa chini," mama alimwambia.

Onyo lilikuwa limechelewa. Kamba ilivutika, kibanio kikachomoka, injini ikanyamaza katikati ya mto.

"Jamani, kapteni gani huyu?" mvulana mmoja aliyekaa mbele alipiga kelele. "Huyu ni zimamoto!"

Boti nzima iliangua kicheko. Kufikia saa nne, hata watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakimwita Zimamoto. Kapteni aliona aibu, kisha akapata hasira, na hasira zote akazielekeza kwenye ile kamba.

Jumamosi alitumwa kwenda kuosha boti. Alikata kipande cha plastiki kwenye mfuniko mweusi wa dumu la mafuta, akakichonga kama pete iliyokatika upande mmoja, akakipachika chini ya kitufe. Alivuta injini bila kibanio. Ikawaka! Akaizima, akarudisha kibanio juu ya ile pete. Pete haikuonekana hata kidogo. Sasa angevaa kamba kama kawaida mama asishtuke, na hata ikivutika, injini isingezima. Alijiona mjanja kweli kweli.

Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mto ulikuwa umejaa.

"Leo naendesha mwenyewe," mama alisema, akavaa kamba mkononi. "Wewe kaa na wenzako."

Moyo wa Kapteni ulishtuka. Alitaka kwenda kuitoa ile pete, lakini wanafunzi walishakaa na macho yao yote yako nyuma. Wangemwona. Angeulizwa. Akajiambia ataitoa wakifika ng'ambo, akafunga jaketi lake na kutazama pembeni.

Walipofika katikati, boti iligonga gogo lililozama. Ilishtuka na kulala upande, na mama akarushwa majini. Kamba ilifanya kazi yake, ikachomoa kibanio. Injini haikuzima.

Usukani usio na mtu uligeukia upande mmoja na boti ikaanza kuzunguka. Wadogo walilia. Mama aliibuka, jaketi limemwinua, na boti ikampita karibu mno, rafadha, yale mapanga ya injini, ikikata maji kama urefu wa mkono kutoka begani kwake.

"Zimeni!" alipiga kelele. "Zimeni injini!"

Boti ilikuwa inarudi tena, na safari hii pua yake ilimwelekea mama moja kwa moja. Kapteni alitambaa juu ya mabegi na miguu ya wenzake hadi nyuma. Usukani ulimpiga kifuani. Akapapasa, akaikamata ile pete na kuing'oa. Injini ilikatika, na boti ikasimama hatua mbili kabla ya kumfikia mama.

Walimvuta mama botini. Kibanio bado kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba mkononi mwake. Akakitazama sana.

"Kimechomoka," alisema. "Sasa injini ilikataaje kuzima?"

Kapteni aligeuka, akajifanya anapanga mabegi. Pete ilikuwa mfukoni mwake.

Mama alikuwa na jibu lake. Wiki mbili nyuma, fundi wa injini pale gatini alikuwa amebadilisha kitufe kile. Jioni hiyo hiyo injini ilipelekwa kwake, na wazazi kadhaa wakafuata nyuma wakiwa wamefura. Fundi aliitumbukiza kwenye pipa la maji, akaiwasha, akachomoa kibanio. Ikazima. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu ikazima.

"Dada, mimi hapa sioni kasoro."

"Utaionaje? Wewe hukuwa majini!" mama alifoka. "Ungezika mtu leo!"

"Huyu hafai," mzazi mmoja alidakia. "Asiguse tena boti ya watoto wetu."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Kama kosa ni langu, sitaigusa tena."

Kapteni alimtazama akipanga spana zake, akashindwa kuvumilia. Akatoa pete mfukoni na kuiweka mezani.

"Si fundi, mama. Ni mimi. Niliiweka hii ili injini isizime."

"Ulijua ipo wakati navaa kamba?" mama aliuliza.

"Nilijua. Niliona aibu kusema." Machozi yalimtoka. "Nisamehe, mama. Fundi, nisamehe."

Mama alikaa kwenye tairi kuukuu. Kisha akasimama na kumwomba fundi radhi, mbele ya watu wale wale aliomfokea mbele yao. Fundi aliipokea radhi, akamgeukia binti.

"Mwanangu, ile siku uliyochekwa, kamba ilikuwa nzima. Uliinuka pasipo pa kuinuka, nayo ikazima kama ilivyotengenezwa. Ulichoharibu ni kitu kilichokuwa kinamlinda mama yako, kisa kicheko cha dakika mbili."

Mama alimwondoa kwenye usukani kwa muhula mzima, akampa kazi mpya. Kila asubuhi kabla ya safari, injini ikiwaka na boti ikiwa bado imefungwa gatini, Kapteni alichomoa kibanio mbele ya abiria wote.

Siku ya kwanza injini ilipozima, yule mvulana wa mbele hakukawia. "Zimamoto!"

"Ndiyo mimi," Kapteni alimjibu. "Na isipozima, hapa haondoki mtu. Funga jaketi lako."

Mvulana akafunga jaketi.

"Mmesikia hivyo?" mama aliwaambia wengine huku akivaa kamba mkononi. "Mkiona kitu cha usalama kinawasumbua, ulizeni kwanza kinamlinda nani. Na mkishakosea, semeni mapema, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yenu."

Kapteni alirudisha kibanio chini ya kitufe, akapapasa kwa kidole kuhakikisha hakuna kitu kingine hapo, kisha akaenda kukaa mbele.