Nyumba Zisizo na Milango

Jua lilikuwa limeanza kuinama Régine aliposhuka Lumbadzi na kupanda kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Hakuwa na karatasi ya kumruhusu kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa hiyo habari ya polisi aliisahau tangu nyumbani. Wangeanza na yeye.

Mdogo wake, Aline, alitoka wiki tatu nyuma kwenda kushona mapazia Mawanga, kimji kinachosifiwa kwa nyumba zake za rangi. Watu wa Lilongwe huenda huko kupiga picha. Wao hurudi. Aline hakurudi. Simu ililia siku mbili, kisha ikanyamaza.

Régine ni fundi cherehani, na fundi haachi mkoba wake hata akienda msibani. Ndani mlikuwa na mkasi, tepu, na furushi la vipande vya nguo za wateja.

Mwenye kabaza alisimama kabla ya nyumba ya kwanza.

"Zikomo, mayi," akashukuru kwa Kichewa, akageuza baiskeli. Mwanaume mzima, mapaja kama nguzo, akakanyaga kama aliyefukuzwa na nyuki.

Mji ulikuwa mzuri, tusidanganyane. Kuta nyekundu, kuta za kijani, kuta za manjano. Na si rangi tupu. Samaki, majani, miavuli, mikia ya tausi... michoro ya vitenge. Régine alivitambua kimoja kimoja. Hiki kilikuwa sokoni mwaka juzi. Kile kilivaliwa na mama mmoja wa mtaa wa Kauma, aliyehama bila kuaga.

Kisha akagundua kwamba hasikii kitu.

Hakuna mwiko kwenye sufuria ya nsima. Hakuna kuku. Hakuna mtoto anayepigwa. Harufu ya rangi mbichi tu, na chini yake harufu nyingine... kama jasho la mtu aliyelala na homa.

Akatafuta mlango abishe hodi.

Mlango ulikuwa umechorwa.

Kitasa kimechorwa. Tundu la ufunguo limechorwa, hata kivuli chake. Nyumba ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Kwenye ya nne akasimama. Ndege wa bluu walikuwa wanaruka kwenda juu, ila chini ya dirisha waliruka kichwa chini. Kosa lile lilikuwa lake. Ni yeye aliyekata kipande cha mgongo wa nguo ya Aline juu chini, kwa haraka za Noeli, na Aline akacheka, akaivaa hivyo hivyo. "Acha, dada. Bale ndege banarudi ku nyumba."

Régine akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto.

Ukuta ukavuta pumzi.

"Dada..." Sauti ya Aline, ndani ya ukuta.

"Usiguse. Rangi haijakauka," mtu mwingine akasema nyuma yake.

Aligeuka. Bibi kizee alikaa kwenye kigoda, brashi mkononi, makopo miguuni. Kiswahili chake kilikuwa cha Uvira kabisa, cha kwao Kongo. Régine akasalimia, maana mzee ni mzee.

"Jambo, mama."

"Jambo, binti. Unatafuta nani?"

"Mudogo yangu."

"Si umeshamupata? Iko muzuri, hapana? Alinipa kipande ya nguo yake yeye mwenyewe. Nilimuomba tu."

Bila shaka alimpa. Fundi hanyimi mtu kiraka. Watoto huomba cha mwanasesere, wamama huomba cha kuzibia tundu, na wewe unatoa bila kuuliza. Ni adabu ya kazi.

"Mumufungulie," Régine akanong'ona.

"Nyumba haikae bure, binti. Leta kipande ya mwengine. Nitapaka juu, huyu atatoka."

"Ya nani?"

"Weye mwenyewe njo unachagua."

Mkono wa Régine ukaingia mkobani. Mlikuwa na kipande cha Arlette, jirani mwenye mdomo kama pilipili, na mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko inavyofaa. Nyuma ya ukuta, pumzi zilianza kukatika.

Ndipo vidole vikakutana na zambarau yenye maua meupe. Mama Akilimali. Walimzika Jumamosi na nguo hiyo hiyo. Maiti utamfanya nini tena? Régine akajiona mjanja kuliko shetani. Akakitoa.

Kizee akakinusa. Akakinusa tena.

"Hii iko mingi," akasema polepole, akatabasamu.

Régine hakuuliza ana maana gani.

Brashi ikaanza kwenda. Ndege mmoja akazama chini ya zambarau. Wa pili. Wa tatu. Kila ndege aliyezama, ukuta uliguna. Kisha mlango uliochorwa ukafunguka, na Aline akaangukia vumbini, miguu mitupu, bluu hadi viwikoni, macho wazi, mdomo umefungwa.

Walikimbia mpaka barabara kuu. Hakuna aliyeangalia nyuma.

Dzaleka waliimba na kumshukuru Mungu. Aline alikula, alioga, alilala. Bluu haikutoka kwenye kucha. Na neno hakusema. Hata moja.

Siku ya tisa asubuhi akaja Mamy, binti mkubwa wa marehemu Mama Akilimali. Alivaa zambarau yenye maua meupe.

Mguu wa Régine ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

Si ndiyo desturi yetu? Akifa mtu, familia inanunua jora moja. Marehemu anavaa, watoto wanavaa, wajukuu wanavaa. Nguo kumi na nne, na mkasi uliozikata ulikuwa wa Régine mwenyewe. Kule Mawanga alimkumbuka aliyekufa. Waliobaki hai hakuwakumbuka.

"Dada Régine, mudogo yangu Charlène hayuko." Macho ya Mamy yalikuwa mekundu. "Alitoka juzi. Balimuita kazi ya mapazia, huko nyuma ya Lumbadzi. Mapazia! Charlène hata kutia uzi ku sindano hajue! Simu inalia tu."

"Polisi..."

"Bila karatasi? Weye ulienda peke yako, ukaleta wako. Nionyeshe njia. Twende leo."

Régine akaitazama ile nguo, mshono kwa mshono.

"Vua kwanza hiyo nguo."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

Régine akaushika upindo wa ile nguo. Akauachia.

"Dada Régine. Juu ya nini nivue?"

Nyuma ya pazia, mtu aliyenyamaza siku tisa akakohoa. Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, kama inatoka ndani ya udongo.

"Umwambie, dada."