Kamba ya Mbele

Wageni hawakosi kuniuliza wataona nini kule juu. Mimi ndiye kiongozi wa msafara, kwa hiyo huwajibu kwa mbwembwe: mtaona mawe yaliyogeuka manjano, mtaona ardhi inayofuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na jua likizama mtaona ziwa la moto likijigeuza tumboni mwa mlima. Mengine siyasemi. Nikiyasema, nani atapanda?

Jioni ile nilikuwa na wawili, maharusi wabichi. Bibi harusi alikuwa na kiherehere cha kufika. Bwana harusi alikuwa akihema tangu mwinuko wa kwanza. Nyuma yao alikuja mdogo wangu wa kiume, tuliyemwita Mkia kwa sababu kazi yake ni kutembea wa mwisho. Wakati tunaondoka nyumbani, mama alinishika mkono mlangoni.

“Huyu ni kitinda mimba wangu. Umrudishe.”

“Mama nawe! Kwani nampeleka vitani?”

Karibu na ukingo moshi hushuka ghafla, basi hufungana kamba viunoni: mimi, bibi harusi, bwana harusi, Mkia. Kamba ya akiba hubaki mbele yangu, nimeizungusha mkononi, ncha yake inaning'inia bila mtu. Hiyo ni ya kumrushia atakayeanguka. Ndani ya moshi huoni mtu, na barakoa zimeziba midomo, kwa hiyo Mkia huvuta kamba mara moja kuuliza kama niko salama, nami huvuta kumjibu. Asiyejibu amezimia. Baba mdogo, aliyetufundisha kazi hii, alikuwa akituchapa tukichelewa, hadi mkono ukazoea kujibu wenyewe. Naye alipotelea huko huko juu miaka mingi iliyopita, hata kiatu chake hatukukipata.

Tulifika. Ziwa lilikuwa jekundu, linachemka na kutema matone. Bibi harusi akapiga vigelegele.

Moshi ukashuka.

Harufu ya mayai viza... halafu nyingine, ya nywele zinazoungua.

Kamba ikavutwa. Mkono wangu ukajibu.

Mvuto ule haukutoka nyuma.

Ulitoka mbele.

Kamba ya akiba ilinikaba kifundo cha mkono, ikanibwaga kifudifudi na kuniburuta. Mawe yalinichana magoti. Nyuma yangu bibi harusi alianguka kwa uso, nikasikia meno yake yakigonga jiwe. Mumewe alikuwa akilia kama mtoto. Barakoa yangu ikang'oka, moshi ukaniingia kifuani kama pilipili.

“Umejibu,” sauti ilinong'ona.

Niliijua sauti ile. Nilikulia chini ya makelele yake.

“Baba mdogo?”

“Umejibu... Nipe mmoja, nipumzike.”

Mkono ukatokeza ukipanda kamba kuja kwangu, umeungua hadi mfupa. Nilichomoa kisu nikaukata, nikaukata tena. Vidole vilidondoka kwenye mawe, vikaendelea kujikunja. Ule mkono haukuachia.

Joto la ziwa likaunguza nyusi zangu. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Kitu kikanipita begani kwa kishindo, nikadhani ni mwenzake baba mdogo. Kamba ikalegea kidogo mkononi. Nikaikata kwa nguvu zangu zote.

“Dada, bado! Nimei—”

Sauti ya Mkia.

Ilitoka mbele.

Alikuwa amefungua kamba yake kiunoni, akatupita wote, akaizungushia kamba ya mbele mkononi mwake ili aivute badala yangu. Nami nilikuwa nimeikata nyuma yake, kati yangu na yeye. Nikasikia visigino vyake vikikwaruza mawe, akiniita, akiniita tena. Nilitambaa. Nilipapasa nikashika soli ya kiatu, ya moto, ikaniponyoka.

Kisha mlio mmoja, wa kitu kizito kilichotupwa kwenye uji.

Moshi ulipoondoka, bwana harusi alikuwa amemkumbatia mkewe, damu imemlowesha kidevu. Ukingoni alilala baba mdogo. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Mwili mzima haukuwa na doa, ila mkono mmoja ulikuwa hauna vidole. Daktari alisema alikufa jioni ile ile. Miaka yote hiyo aliishi wapi, daktari hakusema.

Tulimzika. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Tangu hapo nimekuwa nikipanda peke yangu kumtafuta mdogo wangu. Kila moshi ukishuka, kamba ya mbele huvutwa mara moja, taratibu, vile vile alivyokuwa akivuta Mkia. Mkono wangu wa kulia naufunga kifuani kwa kitambaa ili usijibu. Huwa nasimama pale nikilia hadi moshi uondoke.

Juzi nilimsimulia mama yote, nikidhani nampunguzia uchungu. Leo alasiri nimemkuta mlangoni amevaa koti la Mkia, mikono ya koti iliyomzidi ameikunja.

“Twende.”

“Mama, huko hujawahi kupanda.”

“Nifunge mbele, nimjibu mimi. Akitoka, mzike vizuri mwanangu.”

Nimemkatalia. Nimempigia magoti. Amenishika kidevu kama nilipokuwa mdogo, akaninong'oneza:

“Na siku nikikuvuta mimi... usijibu.”