Kitanda cha Tunu

Mtambo wa mkunjapicha ulikuwa ukinguruma taratibu, ukiumeza mchezo wa kompyuta wa ukumbini, wenye kabati refu kuliko mtu, na kuutema ndani ya kisanduku cha kuenea kiganjani. Kazi ya mtambo ule ni kuchambua: picha inayoonwa na mchezaji ibaki, isiyoonwa itupwe. Fundi wake, Salha, siku hiyo alitembea kwa madaha. Nani asiyeujua mchezo ule Tabora nzima? Kibinti wa katuni anaruka mapaa akikimbia fisi wa chuma. Aliyeuchora ni mama yake Salha, Bi Mgeni mwenye ukumbi, na uso wa kibinti aliutoa kwa Tunu, mdogo wake Salha, aliyefariki akiwa darasa la kwanza.

Visanduku vya mchezo huo vilipokwisha kuuzwa na kuingia majumbani mwa watu, Salha akampelekea mama yake kimoja ghorofani kwake.

"Shikamoo mama. Mchezo wako huo. Na hauzimwi tena, mtu anacheza atakapo."

"Marahaba. Hauzimwi?" Bi Mgeni akakaa kitako. "Na pale anapolala?"

"Kile kitanda cha mwishoni? Nimekiondoa. Hakuna mchezaji anayekiona, mama, kinajaza nafasi bure."

"Nakiona mimi!" Bi Mgeni akamaka. "Kila nikifunga ukumbi namwambia, 'Tunafunga, mwanangu.' Anapanda kitandani, ndipo nazima. Salha, ile si picha. Kule hospitalini, kabla hajafa, waliinakili akili ya Tunu kwa kinasanafsi, ile mashine ya kunasa nafsi ya mtu. Sikuwa na pengine pa kumweka."

Salha akacheka, kicheko cha kulazimisha. Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Akakitazama kioo cha kisanduku. Hakuna aliyekuwa akicheza, lakini kibinti alikuwa amesimama, macho mekundu, akiwatazama wao.

"Mama," kibinti akasema, "bado tu hatujafunga?"

Bi Mgeni akapiga magoti. "Tunafunga, mwanangu. Kalale."

Tunu akageuka huku, akageuka kule, akitafuta kitanda. Hakukiona. Fisi wakamfikia, akaanguka, akaanza upya.

Salha alikinyakua kisanduku akakibamiza sakafuni mpaka kikapasuka. Kukawa kimya. Mama na mwana wakakumbatiana, wakalia kwa uchungu.

Kisha wakaisikia sauti ileile ikipenya ukutani, kutoka kisanduku cha jirani. Halafu ghorofa ya juu. Halafu chini ya miguu yao.

"Mama, bado tu hatujafunga?"